Taruma Alipovunja Mlango

Kwanza niondoe neno moja njiani, asije mtu akasoma mpaka mwisho akitafuta toba: sijuti. Nilimchukua shujaa aliyependwa kuliko wote katika madarasa ya kisomo ya Kibaha na Kisarawe, nikamvua shuka lake jeupe, nikamtia giza, na nilipoambiwa nimrudishe alivyokuwa nikakataa. Mkinikuta leo kibarazani kwangu na kuniuliza, nitawajibu hivyohivyo.

Nawaandikia ninyi mnaochora kwa kidole juu ya kioo cha simu. Juzi binti mmoja wa jirani, mchoraji, alinijia macho yamevimba. Alikuwa amembadilisha sura mhusika ambaye watu wamemzoea, na watu asiowajua wakamshukia mtandaoni kwa matusi. Nikampa chai, nikamwambia kwamba wa kwangu walinijia kwa miguu. Hakuniamini. Basi someni naye.

Gazeti letu lilikuwa la watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma. Lilikuwa na jina refu lililochapwa juu kabisa, ambalo sikuwahi kusikia msomaji hata mmoja akilitamka. Watu waliuliza tu, "Taruma limefika?" Taruma ni lile gogo linalolazwa chini ya chuma cha reli, na ndilo lilikuwa jina la shujaa wa katuni ya ukurasa wa nyuma. Aliweza kubeba mataruma mawili, moja kila bega, na kuvuka kutoka Ruvu mpaka vilima vya Kisarawe kwa hatua moja. Alifukuza nguruwe pori kwenye mashamba ya mpunga. Alichimba choo kwa kupiga ardhi konde moja. Alivaa shuka jeupe lililofungwa shingoni, alitabasamu kila picha, na picha ya mwisho daima alituelekea sisi wasomaji na kutupa neno: Taruma asema, chemsheni maji. Taruma asema, pandeni kwa mistari.

Aliyembuni ni Mzee Sefu wa Soga, aliyekuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli kabla hajawa mchoraji. Ndiye aliyenifunza kazi. Mimi niliajiriwa kama mpiga taipu, nikaanza kuchungulia meza yake, na kwa kuwa hakufukuza mtu, nikajifunza.

Lazima niwaeleze kazi yenyewe, la sivyo hamtaelewa kisa. Tulichora juu ya stensili, yaani karatasi laini iliyopakwa nta. Unakwaruza kwa kalamu ya chuma, nta inatoka, na kwenye mashine ya kudurufu wino unapita palepale ulipokwaruza. Ukibonyeza mno, karatasi inachanika. Ukichora duara kamili, kipande cha katikati kinadondoka kama kifungo cha shati. Hilo la duara sikuambiwa, au niliambiwa nikiwa nawaza mengine. Mara ya kwanza Mzee Sefu kuniachia nimchore Taruma, nilimchorea macho ya mviringo mazuri sana. Mashine ilipoanza kuzunguka, macho yote mawili yakadondoka, na Taruma akatoka na matundu mawili meusi usoni. Tulipogundua, tulikuwa tumekwisha kusambaza. Mzee Sefu hakunigombeza. Toleo lililofuata alimchora amefungwa kitambaa machoni, na chini akaandika kwamba ameumwa na nyuki akirina asali ya kijiji. Wasomaji wakamwombea apone.

Na sasa sikilizeni: lile shuka jeupe, ambalo watu walisema ni usafi wa moyo wake, lilikuwa jeupe kwa sababu nyeupe haichani nta. Basi. Shuka jeupe ni mistari minne na nafasi tupu. Ukitaka kitu cheusi juu ya stensili unapaswa kukwaruza nta yote ya mahali pale, na hapo karatasi inakufa mikononi mwako.

Mzee Sefu aliposhikwa na mtoto wa jicho, alirudi kwake Soga, na Taruma akabaki kwangu. Kwa miaka kadhaa nilimchora kama nilivyomkuta. Tabasamu lilikuwa mkunjo mmoja wa kalamu, nililiweza nikiwa nimefumba macho.

Kisha ikaja miaka ya foleni, baada ya vita. Waliokuwepo wanaijua. Sabuni ilikuwa habari. Mtu aliyepata kipande cha kitambaa alisimuliwa kijijini kama mtu aliyeoa. Sukari ilipofika duka la kijiji, ilifika kama mgeni anayepita tu, hakai. Nasi bado tulikuwa na Taruma mwenye shuka lililofuliwa, anatabasamu.

Siku ile nilikuwa Mzenga. Tulikuwa na desturi ya kwenda madarasani mara mojamoja tuone gazeti linavyosomwa. Darasa la Mzenga lilikutana kwenye ghala la kijiji, wengi wao akina mama, na nguzo ya darasa ilikuwa Bi Mwanahawa, mkulima wa muhogo na mpunga, mjane, mwanamke mrefu asiyependa upuuzi. Huyu alibandika kila ukurasa wa Taruma kwenye ukuta wa udongo wa sebule yake, kwa uji wa unga wa muhogo, mmoja baada ya mwingine, na nyumba nyingi pale zikamwiga. Ukiingia kwake ulimkuta Taruma tangu choo cha kwanza mpaka nguruwe wa mwisho.

Katika toleo la siku ile Taruma alikuwa ameleta magunia ya sukari mgongoni. Mwanafunzi mmoja alisoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi mwisho. Ndipo mzee mmoja wa nyuma akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hiyo sukari kaishusha kijiji gani? Tuifuate na baiskeli."

Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa kwa Bi Mwanahawa. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso kama mtu anayesikia ndugu yake akisengenywa mbele za watu, naye hana la kumtetea.

Niliporudi Kibaha nilijua sitamchora tena akitabasamu.

Kisa nilichomtungia ni hiki. Watu wamesimama foleni mbele ya duka la kijiji tangu alfajiri. Mwenye duka anasema hakuna kitu. Watu wanaamini ameficha. Taruma naye yumo foleni, amekonda, shuka lake si jeupe tena, ni jeusi, limechanika upindo. Anakasirika. Anatoka foleni, anaushika mlango wa duka na kuung'oa na bawaba zake. Ndani hamna kitu. Mizani, panya mmoja, na mwenye duka ameketi juu ya debe tupu. Picha ya mwisho: Taruma amesimama na mlango mikononi, hajui pa kuuweka. Na chini yake hakuna neno. Hakusema chochote.

Kukipata kisa ilikuwa kazi rahisi. Kukichora kulinitoa jasho. Stensili ya kwanza ilichanika nilipoanza shuka. Ya pili haikuchanika, lakini wino ulipita kwa wingi mno: karatasi zilipolaliana, Taruma mweusi akajipiga chapa mgongoni mwa karatasi iliyo juu yake, kinyumenyume, katikati ya somo la mahindi. Tulikuwa na stensili chache, zenyewe zilikuwa za kuomba. Nikaacha kazi, nikaenda nyumbani, nikaketi juu ya mkeka nikiwa nimenuna. Ndipo nikautazama ule mkeka. Msusi wa mkeka hapaki rangi nyeusi. Anapitisha ukindu mweusi juu, mweupe chini, mweusi juu, mweupe chini, na wewe ukiwa mbali unaona weusi. Kesho yake nilichora shuka la Taruma hivyo, mistari myembamba ikipishana, na kati yake nikaacha nta ipumue. Ikashika. Usiku wa kwenye karatasi ni mistari mingi iliyovumiliana, liwekeni akilini hilo hata kama simu zenu zina kopo la rangi la kumwaga mara moja.

Lakini hata ile mistari ilibeba wino mwingi kuliko tulivyozoea, na karatasi ya kudurufu inanyonya. Ukigeuza ukurasa uliona kivuli chake kwa mbali. Kumbukeni hilo.

Toleo likatoka. Sasa mniulize kuhusu watu.

Pale Kwa Mathias, kwenye kituo cha mabasi ya barabara ya Morogoro, wanywa kahawa waligawanyika. Wako waliosema huyu ndiye mwanamume, yule wa zamani alikuwa bwana harusi. Wengine wakasema nimemfanya jambazi, mvunja maduka, na vijana wakimwiga nitajibu mimi. Mwenye mgahawa alinikatalia kiti, kwa utani, ila kiti hakukitoa.

Kutoka Kwala alikuja fundi cherehani mmoja, mjumbe wa darasa lake, na furushi la mizizi. Darasa lilikuwa limekaa kikao na kukubaliana kwamba Taruma amerogwa. Akanielekeza namna ya kuchemsha. Nikamwambia Taruma ni wino, bwana, hanywi dawa.

"Najua ni wino," akasema. "Lakini aliyemroga si wa wino." Akanitazama sana, akaweka furushi mezani, akaondoka.

Wengine walidai shujaa yule alikufa zamani na tunawaficha, na huyu ni mzuka wake. Ushahidi wao ulikuwa ule mkosi wa stensili ya pili: nakala chache zilikuwa zimepenya zikasambazwa kabla sijazizuia, na kuna watu walimwona Taruma akiwa kinyumenyume ndani ya somo la mahindi, hana shughuli yoyote pale, anawatazama tu. Kuna kijiji, nisikitaje, kilichokataa kupanda kwa mistari msimu ule.

Niliyachukua hayo yote kama mvua. Kisha akaja Bi Mwanahawa.

Alitoka Mzenga kwa lori la mkaa, na masizi yalikuwa bado kwenye ushungi wake. Nilisimama nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemvunjisha mlango?"

"Ni mimi, bibi."

Akakaa. Hakutaka maji. Akasema kwa sauti ya chini, akiwa ameshika magoti, "Mimi nilipoanza kisomo, herufi zilikuwa kama siafu. Nilizivumilia kwa ajili ya yule. Nilitaka kujua anasema nini mwisho wa ukurasa. Neno la kwanza kulisoma peke yangu ni jina lake. Sasa nimefika mwisho wa ukurasa, hasemi kitu. Nimehangaika kote huko nije nisome kimya?"

Hakuna aliyewahi kunipiga vile. Nikamuuliza, "Bibi, mbele ya duka tupu, ulitaka nimwandikie aseme nini?"

Alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, niliona. "Hilo si la kuniuliza mimi," akasema. "Mwenye kalamu ni wewe. Ila ujue tumemgeuza. Mzenga nzima. Tumembandika uso ukutani, mgongo nje, na hatageuzwa mpaka umrudishe alivyokuwa. Mrudishe, mwanangu."

Nikamwambia sitamrudisha. Nilimwambia kwa heshima, lakini nilimwambia. Alinyanyuka, akajipangusa masizi, akasema nina kichwa kigumu kama taruma lenyewe, akaenda kutafuta lori lake.

Habari zikamfika mhariri wetu, mtu wa bara, mchapakazi, aliyekuwa akipigania kila rimu ya karatasi kwa wakubwa. Aliniita. "Ndugu Tatu," akasema, "watu wana njaa ya sukari, na wewe unawanyima hata ile ya kwenye karatasi."

"Ile ya kwenye karatasi ndiyo iliyokuwa inawakera, ndugu."

Akasema hataki falsafa. Toleo lijalo ama Taruma mweupe au hakuna Taruma, na mimi nirudi kwenye taipureta. Meza ya kuchora ndiyo niliyokuwa nayo maishani. Sikuwa na cheti cha kuchora, sikuwa na pengine pa kwenda. Nikamjibu kwamba, basi, asiwepo. Taruma anayerudi kutabasamu baada ya kuona ndani ya lile duka ni mwongo, na waongo hawahitaji mchoraji kama mimi.

Mhariri hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa mtu wa njia ya pili. Akasema tutakwenda Soga, tumwombe Mzee Sefu amchore mwenyewe, hata kwa kupapasa. Nami niende, nione ninavyomwumiza mzee.

Tulimkuta uani anachambua mchele kwa vidole. Macho yake yalikuwa kama maziwa. Mhariri alieleza kwa kirefu, kwa heshima, akamaliza kwa kusema wananchi wanamtaka yule wa zamani. Mzee Sefu akaomba apewe ukurasa. Akaupapasa, kana kwamba wino una mwinuko. Kisha akanigeukia mimi.

"Binti, shuka umelipataje jeusi bila kuchana?"

Nikamweleza habari ya mkeka. Akacheka peke yake, muda mrefu. "Miaka yote ile nilitaka kumchora usiku," akasema. "Nta ikanishinda. Nikamwacha mchana."

Mhariri akakohoa. Mzee Sefu hakumjali. Akaniuliza Taruma ameushikaje mlango. Nikasema kwa mikono miwili, mbele ya kifua.

"Hapo umekosea. Huo ni ushikaji wa mtu wa ofisini anayebeba faili. Aliyebeba mataruma anauweka begani na kulaza shingo. Na umemwachaje nao? Amevunja mlango wa watu. Arudishe."

"Halafu atatabasamu?" mhariri akauliza, kwa matumaini.

"Wewe, mwanangu, ukipigilia bawaba ya mlango uliouvunja mwenyewe, huku mwenye nyumba anakutazama, unatabasamu?"

Tulipofika Kibaha mhariri akasema nina toleo moja. Madarasa yakilikataa, meza ya kuchora naiacha, na hataki tena kusikia habari za mikeka.

Nikachora. Taruma mweusi yuleyule, aliyekonda yuleyule. Mlango uko begani, shingo imelala, na haki ya Mungu mzee alikuwa amesema kweli, mwili wote ulikaa sawa. Anaurudisha. Misumari hana, ananyoosha ile ya zamani kwa jiwe. Foleni inamtazama, hakuna anayemsaidia wala kumshukuru. Picha ya mwisho, mlango umefungwa, yeye amerudi mwisho wa foleni ameketi chini, na mwenye duka anaujaribu mlango. Safari hii niliweka neno, ila halikuwa lake. Mwenye duka anasema: "Bado unakwaruza."

Fundi wa Kwala alirejea, akasema dawa imeanza kufanya kazi, akataka kujua kama niliichemsha kwa sufuria au chungu. Nikamwambia chungu. Pale Kwa Mathias mwenye mgahawa alisema angalau sasa ni jambazi mwenye ufundi, ingia ukae. Wengine hawakunisamehe kamwe, na mpaka leo kuna wazee wanaonisalimia kwa kutazama pembeni. Wana haki yao. Sikuwachorea wanipende.

Lakini Mzenga hakukutoka sauti. Wala lawama, wala mjumbe. Mhariri aliningoja mimi, mimi niliingoja Mzenga. Mwishowe nikaenda mwenyewe.

Bi Mwanahawa alikuwa shambani. Nilimkuta akirudi na muhogo kichwani, akaniitikia salamu bila kusimama, akaingia ndani, nami nikamfuata bila kuitwa. Ukuta ulikuwa palepale. Taruma mweupe, safu kwa safu. Kisha, mwisho wa safu, ukurasa wa mlango aliorudisha, uso nje, umebandikwa vizuri, uji wa muhogo umefutwa pembeni.

"Huyu umembandika," nikasema.

"Mtu anayetengeneza mlango humgeuzi ukutani."

Macho yangu yalikuwa yamehamia ukurasa uliotangulia. Ulikuwa umegeuzwa kama alivyosema, mgongo nje, na nje paliandikwa somo la mahindi. Lakini uji wa muhogo ulikuwa umeilowesha karatasi ikawa laini kama utando wa yai, na wino wangu, ule mwingi, ule wa kulaumiwa, ulikuwa umepenya wote. Katikati ya mahindi alisimama Taruma na mlango wake, mweusi, mzima, kila mstari mahali pake, ila sasa alitazama upande wa pili. Taruma mweupe angegeuzwa vile angepotea, pangebaki mahindi matupu.

Bi Mwanahawa alisimama karibu yangu, mikono kiunoni.

"Tulimgeuza asituone," akasema. "Akatokea huku."

Nikamuuliza kama nimbandue, nimpe ukurasa mwingine safi. Nilikuwa nao mfukoni mwa gauni.

"Mwache," akasema. "Tumeshamzoea." Akaenda kumenya muhogo.